Fungate Kisiwani: Jinsi Tulivyochagua



Katika parokia zetu za Butembo na Beni, maandalizi ya ndoa yana utaratibu wake unaojulikana. Familia mbili huketi na kuzungumzia mbuzi wa mahari. Kamati ya harusi hukusanya michango. Mashangazi na mama wakubwa huhesabu vitenge, sahani na masanduku ya vinywaji. Siku ya misa hufika na kupita, ukumbi hujaa hadi watu kusimama nje, na kesho yake asubuhi bibi harusi huamkia jikoni, naye bwana harusi hurudi dukani. Juu ya fungate, yaani mapumziko ya maarusi baada ya ndoa, wachache huuliza, na wanaouliza huchekwa kidogo kama watu walioiga sinema.

Sisi tuliuliza. Tuliuliza miezi minne kabla ya ndoa yetu, mwaka 2025, tena tulitaja kisiwa. Tangu hapo wachumba kadhaa wametujia wakitaka kujua tulivyofikiri hata tukafika tulikofika. Tumeonelea vema kuandika hapa njia ya kuchagua kwetu, ili kila jozi ipime ya kwake.

Kwanza tulizingatia neno lenyewe. Katika desturi ya Waswahili wa pwani, fungate ni siku saba ambazo maarusi hukaa pamoja ndani, wakihudumiwa, pasipo kutumwa kazi. Idadi hiyo si ngeni kwa msomaji wa Biblia: Labani alimtaka Yakobo atimize juma la arusi, na karamu ya Samsoni ilichukua siku saba. Lakini andiko lililotushika ni lile la Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, ambapo sheria inamwachilia mwanamume aliyeoa karibuni asiende vitani wala asitwikwe shughuli yoyote, ila akae nyumbani kwa mwaka mzima na kumfurahisha mkewe. Tulilisoma mara nyingi. Watu waliovijua vita kwa karibu ndio walioona kwamba ndoa changa yahitaji kuzungushiwa ua. Kwetu sisi vita havimwachilii mtu mwaka mzima. Tukasema: tusipoupata mwaka, tutafute angalau siku saba.

Jambo la pili lilikuwa kuulizana, kila mmoja kwa zamu, anahitaji nini. Swali hili lilituchukua jioni mbili, na tunaamini ndilo lililookoa fungate yetu. Mmoja wetu amezaliwa Beni. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuuzunguka mji ule, amekua akijifunza kulala nusu: viatu kando ya kitanda, sikio mlangoni, simu chini ya mto. Hata alipohamia Butembo mwili haukusahau. Mbwa akibweka saa nane za usiku, yeye yu macho tayari. Mwingine amelelewa Butembo katika familia ya biashara, ambamo mtu akionekana ameketi saa tatu za asubuhi huulizwa kama anaumwa. Yeye hajui kupumzika kwa kukaa. Siku mbili bila shughuli zingemfanya aanze kupiga simu kwa wateja.

Kwa hiyo mmoja alihitaji usingizi, na mwingine alihitaji njia ya kutembea, kasia la kupiga, mlima wa kupanda. Mahali pa kulala tu pangemchosha huyu. Mahali pa pilikapilika pangemnyima yule. Tulitafuta mahali pamoja penye vyote viwili, asubuhi za miguu na alasiri za kitanda. Tulichagua kisiwa kwa sababu rahisi: barabara ya kisiwani huishia majini. Kwetu kila barabara inaendelea mpaka mahali fulani tunapopaogopa.

Picha za visiwa vya fungate zinazozunguka katika simu zetu huonyesha minazi, mchanga mweupe na jua, kama dawa kwa watu wanaokimbia theluji. Sisi twaishi karibu juu kabisa ya mstari wa ikweta, nasi asubuhi twavaa makoti, maana Butembo umejengwa kwenye vilima vinavyopita mita 1,700. Joto la nchi za tropiki, mtu wa Butembo hulipata akishuka Beni kwenye mashamba ya kakao, mwendo wa kilomita kama 54. Hivyo hatukuwa na haja ya kununua jua kwa bei kubwa. Tuliyapenda maji, na utulivu wa kutojulikana na mtu.

Visiwa vitatu viliwekwa mezani.

Cha kwanza kilikuwa Unguja. Ni nani asiyetamani Zanzibari? Tulijifunza mengi juu yake, na tunayaandika hapa kwa faida ya watakaoweza. Fukwe za mashariki, kama Paje na Jambiani, zina maji yanayokupwa mbali sana, hata mwogeleaji hubaki akitazama mchanga kwa saa kadhaa. Fukwe za kaskazini, Nungwi na Kendwa, huogelewa karibu wakati wote. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Upepo wa kusi, unaovuma kuanzia katikati ya mwaka, ndio unaowaleta Paje wale wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara. Asiyependa bahari ana msitu wa Jozani wenye kima punju, na ana Mji Mkongwe ulioingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000. Mkatoliki atalikuta Shangani kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lenye minara miwili, lililojengwa na wamisionari Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19.

Kulikuwa na jambo jingine lililotuvuta Unguja, nalo si la starehe. Kiswahili tunachokisema mashariki ya Kongo kilifika Maniema pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Tippu Tip, aliyekuwa mkubwa wa misafara hiyo, alifia Mji Mkongwe mwaka 1905, na nyumba yake ingalipo. Huko Mkunazini, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu mahali pale pale. Mkongomani anayetembea katika vichochoro vile hatembei kama mtalii wa kawaida. Anasoma barua iliyoandikwa juu ya babu zake. Tulitaka kuisoma. Tuliona pia kwamba siku saba za kwanza za ndoa ni fupi mno kwa barua nzito namna hiyo.

Kisha tukapiga hesabu. Nauli ya ndege kutoka Entebbe kwa watu wawili, bima ya lazima ya dola 44 kwa kila mgeni, iliyoanza kudaiwa Oktoba 2024, na bei za hoteli katika majira ya wageni wengi: jumla yake ilizidi kodi ya nyumba yetu ya mwaka mmoja. Tungerudi tumestarehe, tukimkuta mwenye nyumba mlangoni. Unguja tukaiweka akiba.

Kisiwa cha pili kilikuwa Idjwi, katika ziwa Kivu. Hiki ndicho kilichotuuma. Ni kisiwa cha nchi yetu wenyewe, kikubwa, chenye vilima vya kahawa na mananasi, katika ziwa lisilo na mamba wala kiboko, ambamo mtu aweza kupiga kasia asubuhi nzima. Watu wake wamesifiwa kwa kuishi kwa amani huku pande zote mbili za ziwa zikiwaka. Zamani mtu wa Butembo angepanda gari, apite Lubero, Kanyabayonga na Rutshuru hadi Goma, kisha apande mashua. Lakini Kanyabayonga ulitekwa mwishoni mwa Juni 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na mwezi wa Februari vita vikafika Bukavu. Barabara ya kwenda kwa ndugu zetu ikakatwa katikati na mstari wa mapigano. Tulitazama ramani tukiwa kimya. Kisiwa cha nchi yetu kilikuwa mbali kuliko vya nchi za jirani.

Kisiwa cha tatu hatukukijua kabla ya kuambiwa na mfanyabiashara mmoja wa samaki wa Kasindi. Alisema, «Wanangu, mbona mnatafuta mbali? Mkifika Masaka, mnateremka ziwani, mnavuka bure.» Alikuwa akisema juu ya Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Ssese, ndani ya ziwa Viktoria, nchini Uganda. Visiwa hivyo ni 84, navyo ni wilaya ya Kalangala. Wengi hukiendea kwa meli ya MV Kalangala inayotoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, safari ya saa tatu na nusu hivi. Kwa atokaye kwetu iko njia fupi zaidi: Kasindi, Kasese, Mbarara, Masaka, kisha bandari ndogo ya Bukakata, ambako kivuko huwabeba watu na magari hadi Luku, upande wa kisiwa, bila malipo. Kampala haumo kabisa katika safari hiyo.

Tulichagua Bugala. Lakini kabla ya kuamua tulikutana na swali zito kuliko nauli. Parokiani kwetu walikuwako wakimbizi wa ndani, waliotoka Lubero upande wa kusini na waliotoka vijiji vya Beni. Baadhi yao walilala katika nyumba za ndugu zetu, watu 12 katika vyumba viwili. Je, yafaa watu wawili vijana waende kukaa ufukweni wakati kama huo? Mama mmoja wa familia alitwambia waziwazi kwamba ni aibu. Hatukumjibu siku hiyo, kwa maana maneno yake yalikuwa na haki ndani yake.

Tuliyapeleka kwa wasimamizi wetu wa ndoa, walioishi pamoja miaka 31. Baba alisikiliza, akauliza bei ya ukumbi, bei ya vinywaji na bei ya kisiwa. Kisha akasema: «Mnataka kuwalisha watu 400 kwa siku moja, na hakuna anayewaambia ni aibu. Punguzeni hapo.» Mama akaongeza kwamba katika vita amewaona wengi waliovumilia yote, kisha ndoa ikavunjika kwa uchovu, si kwa uovu; na kwamba huyu wa Beni asipopata kulala, atakayeulipia usingizi ule ni mwenzake na watoto wao. Tulirudi kwenye kamati tukaomba wageni wapunguzwe nusu. Baadhi ya ndugu walikasirika na hawajamaliza kukasirika. Sehemu ya fedha iliyobaki tuliipeleka Karitasi ya parokia kwa ajili ya wakimbizi. Sehemu nyingine, dola 600, ikawa ya kisiwa. Hatusemi kwamba kila mtu lazima agawe hivyo. Twasema tu kwamba swali lile lilistahili jibu la vitendo, na kwamba mapumziko tuliyoyapata hatukuyaiba kwa mtu.

Njia nayo tuliichagua kwa uangalifu kama tulivyochagua kisiwa. Kutoka Beni hadi Kasindi ni kilomita kama 80, na barabara hiyo imewameza wengi. Tuliwasikiliza madereva waipitao kila siku. Tulisafiri mchana, katika gari la abiria lililojaa, tukasubiri Beni saa mbili nzima kwa sababu dereva hakuyapenda maneno aliyoyasikia. Wachumba wanaotaka safari ya fungate wajue kwamba saa zile za kusubiri ni sehemu ya safari. Yatakiwa pia hati za kusafiria zilizo halali na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mtu asiende kuzitafuta wiki ya harusi. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mpakani bado karatasi husemeana na karatasi.

Tulilala Kasese. Kesho yake gari lilivuka mstari wa ikweta, likapita juu ya mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa George na ziwa Edward. Tembo walikuwa wakinywa maji kando. Ziwa Edward ni lile lile ambalo wavuvi wetu wa Kyavinyonge hulitia nyavu upande wa pili, na mmoja wetu alikaa akilitazama mpaka likafichwa na vilima. Siku ya tatu asubuhi, Bukakata, tulipanda kivuko. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo.

Tulikaa Bugala siku saba. Nyumba yetu ya wageni ilikuwa ndogo, juu kidogo ya ghuba ya Lutoboka, yenye chandarua kizima, jambo tulilolichunguza kwanza, kwa maana malaria ya ziwani haiheshimu maarusi. Asubuhi tulitembea msituni, njia zikiwa nyembamba na mbega weusi kwa weupe wakiruka juu yetu. Siku mbili tulikodi baiskeli, tukapita mashamba ya michikichi yaliyoenea kisiwani tangu miaka ya 2000. Mtu wa Beni akaeleza jinsi kwao mawese yanavyokamuliwa, na vijana wa shambani wakacheka kwa kuwa wao hupeleka kila kitu kiwandani. Siku moja mvuvi alitupeleka kwa mtumbwi wenye injini, tukivaa maboya ya kujiokoa, asubuhi mapema kabla ya upepo. Mchana tulikula sangara na ndizi, na kisha tulilala.

Kuoga ziwani tuliacha, ingawa maji yalituita. Ziwa Viktoria lina kichocho, hasa penye majani na konokono kandokando ya fukwe, na daktari wa Butembo alikuwa ametuonya. Anayechagua kisiwa cha ziwa kwa sababu ya kuogelea tu, na achague kingine, au aulize kama nyumba ya wageni ina bwawa. Sisi tulikuwa na makasia na miguu, ilitosha.

Usiku wa kwanza na wa pili, huyu wa Beni aliamka kama kawaida yake. Usiku wa tatu mvua kubwa ilinyesha, mabati yakapiga kelele, mbwa wakabweka, na yeye hakuamka. Mwingine alikaa macho akisikiliza pumzi zake, akiogopa kujigeuza asije akamwamsha. Hatuna la kuongeza juu ya usiku ule.

Jambo moja tuliambiwa na mzee wa kisiwa, aliyejua Kiswahili kwa kuwa aliwahi kufanya kazi Mombasa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi mno kandokando ya ziwa hili, na mwaka 1909 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa Ssese wote visiwani, ikawapeleka bara. Visiwa vikabaki vitupu, misitu ikafunika mashamba, na ilipita miaka kama kumi kabla ya wenyewe kuruhusiwa kurudi. Alitusimulia hayo kwa utulivu, akituonyesha mti ambao, kwa maneno ya baba yake, ulikuwa alama ya ua wa nyumba ya zamani. Tuliwafikiri watu wa vijiji vya Beni wanaouliza kila juma kama njia ya shambani imefunguka. Hapa walikuwako wajukuu wa watu waliofukuzwa, nao walirudi, wakajenga, na leo wanatupangisha chumba cha fungate.

Jumapili tulisali nao kwa Kiganda, tusielewe maneno ila utaratibu wa misa. Kalangala ni sehemu ya jimbo la Masaka, lililoongozwa tangu mwaka 1939 na Joseph Kiwanuka, aliyekuwa mmoja wa Waafrika weusi wa kwanza kuwekwa maaskofu Wakatoliki katika nyakati hizi. Mwisho wa misa watu walitupungia mikono, mama mmoja akatupa nanasi.

Tulirudi kwa njia ile ile. Barabara ya Kasindi haikuwa imebadilika, wala habari za Beni. Usingizi wa huyu wetu haukupona wote. Bado kuna usiku wa kuamka. Ila sasa mwili wake unajua kwamba usingizi mzima upo, na mwenzake anajua unavyosikika. Naye mwenzake amejifunza kuketi, walau Jumapili alasiri.

Wachumba wanaotuuliza twawajibu hivi. Msianze na picha. Kila mmoja amwambie mwenzake, kabla ya kutaja mahali popote, mwili wake umechoka wapi na unataka kufanya nini. Kisha itazameni njia kabla ya ufuo: nani ameipita juma hili, saa ngapi, kwa gari gani. Hesabuni fedha pamoja na kodi ya mwezi utakaofuata. Punguzeni karamu kabla ya kupunguza siku. Jirani aliyekimbia makwao msimpite kando mkielekea mapumzikoni. Mpeni sehemu yake kwanza, ndipo mfunge mzigo. Na kama safari haiwezekani mwaka huu, fungate yaweza kuwekwa hata katika chumba cha kuazima huko Butembo, simu zikizimwa, jirani akileta chakula mlangoni, kwa siku saba zilizohesabiwa. Maji ya kukizunguka chumba hicho mtayachota ninyi wenyewe, kwa kuwaomba ndugu wasibishe hodi.